Pembe ya Kunywea: Tujifunze kwa Waviking, Tujihadhari na Kimeta



Jioni moja tulibandika picha ubaoni katika darasa letu la kisomo. Picha ilionyesha mwanamume mwenye ndevu ndefu. Ameketi mezani, ameshika pembe ya ng'ombe, anainywea. Tukawauliza wanakisomo: "Huyu ni mtu wa wapi?"

Mzee mmoja akajibu upesi: "Huyo ni mfugaji mwenzetu, Mwalimu. Ila jua limemchoma, amekuwa mwekundu."

Darasa zima likacheka. Lakini mzee hakukosea sana. Mtu yule alikuwa mfugaji kweli, na alikuwa mkulima na baharia pia. Alikuwa Mviking.

Wanakisomo wakataka kujua zaidi. Je, pembe inawezaje kuwa kikombe? Haivuji? Hainuki? Na sisi tunaweza kuitengeneza nyumbani? Tukakubaliana kujaribu. Leo tunawaeleza tuliyojifunza. Tunawaeleza pia hatari moja iliyotukaribia sana. Soma mpaka mwisho, maana hatari hiyo inaweza kubisha hodi hata kwako.

WAVIKING WALIKUWA NANI?

Waviking waliishi Ulaya ya kaskazini, katika nchi tunazoziita leo Norwe, Uswidi na Denmark. Nchi hizo zina baridi kali. Wakati wa kipupwe theluji hufunika ardhi, na usiku huwa mrefu sana.

Wengi wao walilima shayiri, wakafuga ng'ombe na kondoo, na wakavua samaki. Lakini walikuwa pia mafundi wa kuunda merikebu. Walisafiri mbali kufanya biashara. Wengine walikwenda kupora. Mwaka 793 walivamia nyumba ya watawa katika kisiwa cha Lindisfarne, Uingereza. Wanahistoria wengi huanza kuhesabu enzi ya Waviking kutoka mwaka huo, na huimaliza karibu na mwaka 1066.

Huenda umewahi kuona picha ya Mviking aliyevaa kofia yenye pembe mbili. Picha hiyo si ya kweli. Hakuna kofia ya vita ya namna hiyo iliyopatikana katika makaburi ya Waviking. Ilienezwa na wachoraji na watu wa michezo ya kuigiza katika miaka ya 1800. Waviking hawakuvaa pembe kichwani. Pembe waliishika mkononi, wakainywea.

PEMBE KATIKA KARAMU

Waviking walikunywa pombe ya shayiri. Siku za sherehe walikunywa pombe ya asali. Hapo wafugaji wetu watatikisa kichwa, maana pombe ya asali si jambo geni Afrika Mashariki, na baadhi ya wafugaji wetu nao wameinywea katika pembe.

Mgeni wa heshima alipofika, mwanamke wa nyumba alimpokea kwa pembe iliyojaa. Tunajuaje? Katika kisiwa cha Gotland, Uswidi, kuna mawe makubwa ya kale yaliyochorwa picha. Baadhi ya picha hizo zinaonyesha mwanamke akimpa pembe mgeni anayefika juu ya farasi.

Pembe yenyewe huoza ardhini. Lakini matajiri walitia pembe zao ukingo wa fedha au shaba. Madini hayo hayaozi upesi. Kwa hiyo wachimbaji wa mambo ya kale hukuta ukingo umebaki, na pembe imekwisha.

Desturi hii ilikuwako hata kabla ya Waviking. Mwaka 1939, mahali paitwapo Sutton Hoo, Uingereza, lilichimbuliwa kaburi la mtu mkubwa wa miaka ya 600. Ndani yake kulikuwa na mabaki ya pembe mbili kubwa za kunywea, zenye mapambo ya fedha. Pembe hizo zilikuwa za ng'ombe mwitu wa Ulaya. Mnyama huyo hayupo tena duniani. Wa mwisho alikufa Polandi mwaka 1627. Watu waliwawinda na kuwanyang'anya malisho mpaka wakaisha. Hilo nalo ni funzo.

Waviking walikuwa na hadithi nyingi. Moja iliandikwa na Snorri Sturluson wa Iceland mwanzoni mwa miaka ya 1200. Inasema kwamba Thor, mungu wao wa radi, alialikwa na mfalme wa majitu. Akapewa pembe ndefu, akaambiwa: mnywaji hodari huimaliza kwa funda moja. Thor akavuta funda la kwanza, la pili, la tatu. Pembe haikuisha. Akaona haya. Kesho yake mfalme akamfunulia siri: ncha ya pembe ile ilikuwa imezamishwa baharini! Thor alikuwa akinywa bahari. Maji aliyoyapunguza ndiyo sababu ya bahari kupwa, ndivyo walivyosema.

Watu wa pwani yetu wanaojua kupwa na kujaa kwa maji wana maelezo yao. Lakini hadithi ni tamu.

PEMBE NI KITU GANI?

Itazame pembe ya ng'ombe. Ina sehemu mbili. Ndani kuna mfupa ulioota kutoka katika fuvu. Nje kuna gamba gumu. Gamba hilo limefanywa kwa kitu kilekile kilichofanya kucha zako na kwato za ng'ombe. Kati ya mfupa na gamba kuna utando laini wenye damu.

Kikombe hutengenezwa kwa gamba la nje tu. Mfupa lazima utoke. Karibu na kichwa gamba ni jembamba na lina uwazi. Kwenye ncha halina uwazi, ni gumu tupu.

Wazee wetu waliijua kazi ya pembe siku nyingi. Pembe ilitiwa ugoro. Pembe ilitumika kuumika. Pembe ilipigwa kama baragumu kuita watu. Basi tusidhani Waviking wanatufundisha jambo lisilokuwako kwetu kabisa.

KWANZA, PEMBE INATOKA WAPI?

Hapa, ndugu msomaji, tega sikio.

Tulipoanza kutafuta pembe, kijana mmoja wa darasa alitujia mbio. "Mwalimu, bahati imetuangukia! Ng'ombe wa jirani amekufa usiku. Ana pembe nzuri, ndefu. Mwenyewe anasema tuzichukue bure."

Tukachukua msumeno na kamba. Tulipofika, tuliwakuta watu watano wamemzunguka ng'ombe yule. Tumbo lilikuwa limevimba sana. Damu nyeusi ilitoka puani na nyuma, na haikuganda. Mwenye ng'ombe alisema jana jioni alikuwa mzima, alikula majani vizuri. Watu walikuwa wananoa visu ili wagawane nyama.

Bibi mmoja, mwanakisomo wetu, akatushika mkono. "Mwalimu, shika adabu ya kifo," alisema. "Ng'ombe aliyelala mzima akaamka maiti, akatoa damu puani, hachunwi. Baba yangu alikufa kwa nyama ya namna hiyo."

Tukaona haya. Sisi ndio tuliosoma, na sisi ndio tuliobeba msumeno. Tukauweka chini. Tukawaomba wote warudi nyuma, na mtu mmoja akaenda kumwita afisa mifugo.

Afisa mifugo alipofika alikataza mtu yeyote kumpasua ng'ombe yule. Alivaa glavu, akachukua damu kidogo kwa kupima. Jibu likatoka: KIMETA.

KIMETA NI NINI?

Kimeta ni ugonjwa wa ng'ombe, mbuzi, kondoo na wanyama wa porini. Huambukiza binadamu pia. Huletwa na vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Mzoga ukipasuliwa, vijidudu hupata hewa, navyo hujifunika kwa ganda gumu. Vikiwa ndani ya ganda hilo huweza kukaa ardhini miaka mingi bila kufa. Hukaa pia katika ngozi, manyoya, mifupa na pembe.

Binadamu huambukizwa kwa njia tatu. Kwanza, kwa kushika mzoga akiwa na mchubuko. Pili, kwa kula nyama yake. Tatu, kwa kuvuta vumbi lenye vijidudu. Sasa fikiri juu ya fundi wa pembe: anashika, anakata, anasugua, vumbi linaruka! Njia mbili kati ya tatu ziko mikononi mwake.

Ugonjwa huu si mchezo. Zimbabwe, wakati wa vita vya ukombozi na mara baada yake, kati ya mwaka 1978 na 1980, chanjo za mifugo zilivurugika. Watu zaidi ya elfu kumi waliugua kimeta.

Katika kijiji chetu, kijana aliyekuwa amemburuta ng'ombe yule kwa mguu alipata kipele mkononi baada ya siku chache. Hakikumuuma. Kikavimba pembeni, na katikati kikawa cheusi kama mkaa. Kwa kuwa tulikwisha elezwa dalili, alikwenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Akapewa dawa, akapona. Kimeta hutibika kwa dawa, lakini mgonjwa awahi. Akichelewa, anaweza kufa.

Mzoga ulizikwa mzima katika shimo refu, ukamwagiwa chokaa. Ng'ombe waliobaki kijijini walichanjwa. Zile pembe nzuri, ndefu, zilikwenda shimoni pamoja na mwenyewe. Hakuna aliyezililia.

Basi shika kanuni hizi:

1. Chukua pembe machinjioni tu, za ng'ombe aliyepimwa na mkaguzi wa nyama akaonekana ni mzima.
2. Usichukue kamwe pembe ya ng'ombe aliyekufa mwenyewe, wala pembe iliyookotwa porini.
3. Usiseme, "Nitaichemsha, itakuwa salama." Kuchemsha kwetu kwa nyumbani si kinga ya kutegemea.
4. Usichukue pembe ya nyati, tandala, kifaru au mnyama mwingine wa porini. Hizo ni nyara za serikali. Hapa Tanzania, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwa nazo bila kibali.

VIFAA

Andaa pembe moja au mbili, sufuria kuukuu ambayo haitapikia chakula tena, msumeno wa kukatia chuma, kisu, tupa, karatasi ya msasa, waya mwembamba, kipande cha mti, nta ya nyuki, kopo, kitambaa cha kufunika pua na mdomo, na kipande cha ngozi kwa ajili ya mkanda.

Pembe za ng'ombe wetu wa asili mara nyingi ni fupi. Zinatosha kikombe kidogo. Wenzetu wa Karagwe, Uganda, Rwanda na Burundi wana ng'ombe wa Ankole wenye pembe kubwa mno. Mviking angewaonea wivu!

KAZI YENYEWE

Hatua ya kwanza: Toa mfupa. Washa moto nje, mbali na nyumba, kwa sababu harufu ni mbaya. Tia pembe katika maji, uchemshe nusu saa hadi saa moja. Itoe kwa koleo. Ishike kwa gunia, ugonge sehemu ya shina juu ya gogo. Mfupa utalegea, uuvute. Ukikataa, chemsha tena kidogo. Usiiache motoni siku nzima. Pembe yetu ya kwanza tuliisahau tukaenda kula. Tuliporudi ilikuwa imejikunja kama jani la mgomba lililokauka.

Hatua ya pili: Safisha ndani. Kwangua utando wote kwa kisu. Tia changarawe, maji ya vuguvugu na sabuni, uzibe kwa kiganja, utikise kwa nguvu. Mwaga, rudia mpaka maji yatoke meupe. Kisha ianike kivulini siku kadhaa. Jua kali huipasua.

Hatua ya tatu: Pima uwazi. Ingiza waya ndani mpaka ukwame. Weka alama kwenye waya, uutoe, uupime kwa nje. Sasa unajua uwazi unaishia wapi. Ukitaka kukata ncha au kuitoboa, fanya hivyo mbele ya alama hiyo tu. Ukikata nyuma yake, umetengeneza baragumu, siyo kikombe.

Hatua ya nne: Kata mdomo. Ukingo wa shina huwa mwembamba na una mikwaruzo. Kata upana wa vidole viwili hivi. Zungusha uzi kwanza, uchore mstari, ndipo ukate. Lainisha kwa tupa ili usijeruhi midomo. Kama mdomo si mviringo, chovya sehemu hiyo katika maji yanayochemka dakika chache. Italainika. Ingiza kigingi cha mti kilichochongwa mviringo, acha ipoe nacho. Itashika umbo hilo.

Hatua ya tano: Sugua nje. Anza kwa tupa, fuata kwa kisu au kipande cha chupa, maliza kwa msasa. Funga kitambaa puani na mdomoni. Keti nje, upepo ukitoka mgongoni kwako. Lowesha pembe mara kwa mara ili vumbi lisiruke. Watoto wakae mbali. Mwisho sugua kwa majivu laini na kitambaa chenye unyevu, halafu paka mafuta kidogo. Utaona rangi zinatokea: nyeusi, kahawia, nyeupe ya maziwa. Hapo ndipo bibi yetu aliposema, "Kumbe tulikuwa tunatupia mbwa urembo!"

Hatua ya sita: Paka nta ndani. Tia nta katika kopo, uweke kopo ndani ya sufuria yenye maji ya moto. Usiweke kopo la nta juu ya moto moja kwa moja, nta hushika moto kama mafuta. Pasha pembe joto kidogo, na iwe kavu kabisa. Mimina nta, izungushe upesi ienee kila mahali, halafu mwaga iliyobaki. Acha ipoe. Nta huzuia harufu ya pembe isiingie katika kinywaji.

Hatua ya saba: Jaribu. Jaza maji baridi, uache usiku kucha. Asubuhi, kama haivuji na maji hayana harufu, kazi imekwisha. Funga mkanda wa ngozi, mmoja karibu na mdomo na mwingine karibu na ncha, ili uitundike.

NAMNA YA KUNYWA

Unacheka? Hata kunywa kuna elimu yake. Ukiinua pembe na ncha ikatazama juu, mara hewa huingia ghafla mpaka nchani. Kinywaji chote hukurukia usoni. Mzee wetu yule aliyejibu swali la picha alilowa mpaka kifuani. Ilazimu kuigeuza pembe ili ncha itazame upande, na kuiinamisha polepole.

Tena pembe haisimami mezani. Lazima uimalize, uitundike, au uichongee kigoda cha miguu mitatu. Ukitaka kikombe cha kusimama, kata kipande kinene kilicho wazi pande zote mbili, uzibe chini kwa duara la mti mgumu lililobana sawasawa, kisha upake nta ndani.

UTUNZAJI

Usitie chai wala uji wa moto. Nta itayeyuka na pembe itapinda. Usitie pombe kali. Tumia kwa maji, togwa iliyopoa, maji ya matunda au pombe ya asali. Usiache maziwa yalale ndani. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, itundike mdomo ukitazama chini. Iangalie mara kwa mara, maana kuna nondo ambao viwavi wao hula pembe.

Jambo jingine: Waviking walipitishiana pembe moja karamu nzima. Desturi hiyo tuwaachie wenyewe. Midomo mingi katika chombo kimoja hueneza magonjwa. Kila mtu awe na pembe yake.

FAIDA

Darasa letu lilitengeneza pembe sita. Mbili ziliharibika, nne zikafaa. Moja tunaitumia kuwakaribisha wageni wa darasa, kwa maji safi. Tatu ziliuzwa mnadani, na fedha zikanunua madaftari na chaki. Machinjioni pembe hizo zilikuwa takataka za kutupwa.

Lakini faida kubwa si madaftari. Faida kubwa ni kwamba siku hizi, ng'ombe akifa ghafla kijijini, hakuna anayenoa kisu. Mtu wa kwanza kuitwa ni afisa mifugo. Tulikwenda kutafuta kikombe, tukarudi na uhai. Na aliyetuokoa ni bibi aliyejiandikisha kisomo ili ajifunze kwetu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini tunajua kwamba Waviking walitumia pembe, ingawa pembe huoza ardhini?
2. Taja dalili za ng'ombe aliyekufa kwa kimeta.
3. Kwa nini mzoga wa kimeta haupasuliwi?
4. Ukiona kipele kisichouma chenye weusi katikati, ufanye nini?
5. Je, ng'ombe wa kijiji chenu wamechanjwa kimeta mwaka huu? Kama hujui, utamwuliza nani?

Swali la tano usilijibu kwa kalamu. Lijibu kwa miguu: nenda ukaulize.